Mama Mukankusi, Aliyeita Apeli Mlimani

Jumamosi hii, tarehe mosi Oktoba 2022, Mama Mukankusi Béata anaacha kazi baada ya miaka thelathini na mitatu katika Institut Amkeni ya Lushebere. Ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa Directrice de discipline, mwenye kusimamia nidhamu ya shule nzima, na wazazi wengi watakaoketi mbele leo wanaijua vizuri sauti yake, maana iliwapigisha magoti walipokuwa watoto. Mimi ninayeandika ni Kanyere Josiane, katibu wa shule. Komite ya wazazi ilinipa ukurasa mmoja wa bulletin hii, ikaniomba pia, kwa adabu sana, nisiguse habari ya mgomo wa Februari. Ukurasa mmoja haukunitosha. Na mgomo mtausoma humu wote, tangu siku ya kwanza mpaka ya tisa.

Tuanze lakini na mwanzo, kama inavyotakiwa. Mama Béata ni mtoto wa Masisi, wa familia ya wakulima wa maharagwe ambao shamba lao limelala kwenye mteremko mkali kweli. Mwenyewe husema walikuwa wanalima kwa mkono mmoja na kujishika kwa mwingine. Alipomaliza masomo ya ualimu alipewa kazi ya kwanza katika shule ya msingi huko Walikale, akakaa miaka minne. Walikale ilimwingia. Mpaka leo akianza kueleza ule msitu, miti ambayo watu watano hawawezi kuikumbatia, kuni ambazo mtu anaokota hatua mbili kutoka mlangoni pake, afadhali utafute kiti, maana hamalizi upesi. Septemba 1989 alifika Lushebere na mtoto mgongoni na sanduku la bati kichwani, akapewa darasa la mwaka wa kwanza. Miaka mitano baadaye Préfet wa wakati ule, yaani mkuu wa shule, alichoka na vurugu za wanafunzi akamkabidhi nidhamu.

Ee, vurugu ziliisha! Mama Béata alileta utaratibu wa kalamu mbili, ya bluu kwa aliyepo na nyekundu kwa asiyekuwepo, zote mbili zimechomekwa kwenye kilemba chake. Wimbo wa taifa ukiisha, kabla bendera haijatulia huko juu, yeye ameshaanza apeli, anaita majina darasa kwa darasa. Daftari la apeli hakuna aliyelishika isipokuwa yeye. Aliyechelewa alitakiwa kueleza sababu mbele ya shule nzima, kwa Kifaransa, bila kusema "parce que", yaani "kwa sababu", hata mara moja. Jaribuni nyumbani muone. Walimu wawili nao walikamatwa na ile adhabu, na mmoja ameketi hapa leo.

Mwaka 1995 aliandika kwa mkono wake kanuni za shule, kurasa sita. Kanuni ya saba inasema kwamba mwanafunzi akiwa ndani ya parsele, yaani kiwanja cha shule, jina lake linapoitwa, akaitika, huyo yupo. Hakuna aliyeitilia maanani. Tulidhani ni maneno ya kujaza karatasi, kama yalivyo mengi ya ofisini.

Mwaka ule sachets, mifuko ya plastiki, zilipojaa uani, alitangaza kwamba kila sachet itakayookotwa itatafutiwa mwenyewe. Watu walicheka. Basi akaokota sachet moja ya biskuti, akaipeleka darasa kwa darasa kwa siku tatu, akiuliza ni nani aliyekula biskuti za aina ile, ni nani aliyemwona, zilinunuliwa kwenye duka gani. Siku ya tatu mwenye duka alisema wazi kwamba mnunuzi alikuwa Préfet. Mkubwa mzima alitoka ofisini, akaipokea sachet yake mbele ya watoto, akaenda kuitupa shimoni. Tangu siku hiyo uwanja wetu ni safi kuliko wa kanisa.

Kuna pia mwaka mmoja wa vita, sitautaja maana tumekuwa nayo mingi. Watu wenye silaha waliingia shuleni wakitaka mabenchi ya kuotea moto. Mama Béata alitoka na daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuwauliza mmoja mmoja jina, darasa la mwisho alilosoma, na jina la mzazi. Wawili wa kwanza walijibu, Mungu wangu, tena kwa heshima! Wa tatu aligeuka akaondoka, na wengine wakamfuata. Benchi lililopotea siku ile ni moja, nalo lilikuwa limevunjika mguu. Na watu wa milimani walipokimbia wakajaa kambini, wanafunzi wetu wakiwa wamechanganyika humo, aliingia kambini na lile lile daftari, akapita hema kwa hema akiita majina. Aliyeitika aliwekewa bluu, akaambiwa kesho shule iko chini ya turubai la kanisa. Mimi nilikuwa mgeni hapa, nimetoka Butembo miezi miwili tu, na nilimfuata nyuma nikibeba wino. Nilijifunza kazi yangu siku hizo.

Sasa niseme na kosa lake. Yeye mwenyewe ameniagiza. Alisema, "Kama unaandika bila kosa, unaandikia mufu. Miye ningali muzima." Haya, Mama, nimesikia.

Kosa lake ni kuni za lundi, yaani za Jumatatu. Mwaka 1997 jiko la shule lilikosa kuni za kupikia maharagwe ya walimu na ya watoto wanaolala shuleni. Mama Béata, kichwa chake kikiwa bado kimejaa msitu wa Walikale, aliona ni jambo dogo. Kila mwanafunzi aje na kipande kimoja cha kuni kila Jumatatu, basi. Alisimama mlangoni akivipima. Kipande chembamba kuliko kifundo cha mkono wake kilirudi nyumbani pamoja na aliyekileta. Watoto walikata wapi? Kwenye mlima wa nyuma ya shule, njiani mwao. Mlima wa Masisi si msitu wa Walikale, ukiukata hauoti nyuma yako ukiwa unatembea. Jumatatu baada ya Jumatatu, miaka ishirini na mitano. Sote tulikula yale maharagwe, na mimi niliongeza sahani, na hakuna aliyeuliza kitu.

Novemba ya mwaka jana mvua ilinyesha siku nne bila kupumua. Siku ya Mungu, Jumapili, saa ya misa, mlima ulishuka. Matope yaliingia darasa la mwaka wa sita kwa dirisha yakatoka na ukuta mzima. Mabenchi tuliyakuta barabarani. Ingekuwa Jumatatu, leo hii tungekuwa na majina mengine ya kusoma. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kanisani nikalia mbele za watu, sikujali ni nani ananitazama.

Papa Hakorimana Viateur, mwenyekiti wa komite ya wazazi, ni mfugaji, mtu wa kuamka mapema, anapenda kazi iishe. Alisema darasa lijengwe upya kwa matofali ya kuchoma. Matofali ya kuchoma yanataka tanuru, na tanuru inataka kuni nyingi kuliko jiko. Kwa hiyo komite ilikata shauri kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 7 Februari kila mwanafunzi aje na vipande vitatu mahali pa kimoja. Kuni hizo zitoke wapi? Kwenye ule ule mlima, kwenye miti michache iliyobaki juu kabisa. Watu wazima tisa tuliketi katika chumba kimoja tukaliona hilo ni sawa. Mimi ndiye niliyechapa tangazo, na mimi ndiye niliyelibandika mlangoni kwa gundi ya muhogo.

Jumatatu ile watoto mia nne na kumi walikuja mikono mitupu.

Walikuwa na kipande cha katoni ya sabuni kilichoandikwa kwa makaa: MULIMA IMECHOKA. NA SIYE. Walikuwa wamesikia kwenye redio kwamba watoto wa nchi za mbali wanaacha madarasa Ijumaa kwenda kuwapigia wakubwa kelele juu ya joto na mvua zilizoharibika, na mwalimu wa jiografia alikuwa amewaeleza vizuri, kosa lake hilo. Msemaji wao alikuwa Tuyishime, msichana wa mwaka wa sita, ambaye mama yake anauza maziwa sokoni Masisi. Mtoto mpole, sijawahi kumwona ofisini kwangu kwa kesi yoyote. Alisimama mbele ya bendera akasema, "Batoto ya kwengine banagoma juu ya mvua ya kesho. Siye mvua ilishaingia mu darasa. Kuni hatuleti tena. Hata moja."

Mama Béata aliwafukuza. Nasema kweli, maana nimeahidi. Alisimama mlangoni na fimbo yake akawarudisha wote nyumbani, akisema asiye na kuni hana shule. Uwanja ulibaki mtupu saa mbili asubuhi. Nilimsikia akijisemea mwenyewe kwamba miaka yote hii hajawahi kuona dharau ya namna hii, na kwamba kesho watakuja na kuni wakikimbia.

Aa wapi! Kesho yake walikuja na majembe. Waliimba, wakasimama wima bendera ikipanda, halafu wakageuka, wakapita nyuma ya madarasa wakapanda mlima, bila kukanyaga nje ya parsele, maana kiwanja chetu kinapanda na mlima, wakaanza kuchimba mitaro ya kukinga maji, wamejipanga mistari kukata mteremko. Mgomo gani huu, wagomaji wanatoka jasho kuliko walimu? Kabla ya kupanda, Tuyishime alipita ofisini kwangu, akamwachia Mama Béata karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amezidisha watoto mia nne kwa majuma thelathini na sita ya mwaka wa shule, kwa miaka ishirini na mitano. Vipande elfu mia tatu na sitini. Chini yake aliandika: "Mama, byote bilitoka wapi?"

Mama Béata alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, saa ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilitaka kumletea maji. Alikataa kwa mkono. Aliitazama ile karatasi mpaka nikaona aibu kuwa chumba kimoja naye, kisha akavaa buti zake za mpira, akachukua daftari, akapanda mlimani. Umri wake miaka sitini na tano, na goti la kushoto lina maumivu yake. Kutoka dirishani nilimwona akisimama mara mbili kupumua. Alipofika juu hakumgombeza mtu. Alifungua daftari akaita apeli, darasa kwa darasa, na watoto wakaitika wakiwa na udongo mpaka masikioni. Kila aliyeitika aliwekewa bluu. Kwenye siku ya Jumatatu aliandika pembeni maneno ambayo bado yapo, nendeni mkayasome: "Balikuja bote. Nilibafukuza miye. Kosa ni yangu."

Siku ya tatu, baada ya bendera, alisogea mbele. Sisi walimu na wafanyakazi tulidhani sasa adhabu inatangazwa, tukakaza mikanda. Aliwaambia watoto, "Miye njo nilimaliza huu mulima. Si vita, si bakimbizi. Miye na mukono yangu, kila lundi. Mutanisamehe ao hamutanisamehe, iyo ni yenu. Lakini kuni ya lundi imeisha leo." Hakumwomba Préfet ruhusa. Hakuiuliza komite. Watoto walipiga kelele iliyofika barabarani, wenye pikipiki wakasimama kuuliza kama kuna harusi. Naye akavua saa yake, akanipa niishike, akaomba jembe.

Mgomo haukuisha hapo, maana komite haikufuta vipande vitatu vya tanuru. Watoto walisema hawashuki mpaka tangazo lifutwe. Kila asubuhi Mama Béata alipanda na daftari akaita majina, kisha akachimba nao mpaka saa sita. Mvua ilinyesha siku ya sita. Akapanda na mwavuli uliovunjika, akaita apeli yote, mia nne na kumi, akifunika daftari kuliko kichwa chake.

Siku ya tisa ya shule, Jumatano, maana Jumamosi pia tunasoma, komite ilikutana ofisini kwa Préfet. Nilikuwepo kuandika. Papa Hakorimana alikuwa amekasirika kweli, na sehemu ya hasira ninaielewa, maana binti yake mwenyewe alikuwa juu kule na jembe la nyumbani. Walisema lazima mtu aadhibiwe, la sivyo mwaka ujao watoto watagoma hata juu ya rangi ya soksi. Wakawachagua wanafunzi wa mwaka wa sita, thelathini na wanane, kwamba ndio vichwa. Kanuni ya shule inasema siku tatu bila kuwepo na bila sababu, jina linafutwa kwenye orodha ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Orodha ilitakiwa kufika kwa inspekta Masisi kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na daftari la apeli. Kilichobaki ni daftari kusema kwamba watoto hawakuwepo.

Muelewe hapo kuna nini. Kukosa mtihani ni mwaka mzima, na kwa msichana kama Tuyishime mwaka huo haurudi. Huku kwetu msichana akikaa nyumbani miezi mitatu, watu wanaanza kuja kumwangalia mama yake na kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Na kwa upande wa Mama Béata kulikuwa na dossier yake, faili lake la kazi, safi tangu 1989, hata onyo la mdomo halimo. Mfanyakazi anayetoka na dossier safi anapewa brevet ya mérite, karatasi yenye mhuri na fremu, na sisi sote tulijua jinsi alivyoitamani. Alishatuambia hata nguo atakayovaa siku hiyo.

Walifungua daftari. Bluu kutoka juu mpaka chini. Papa Hakorimana akamwomba kwa upole asahihishe yale majina thelathini na manane tu, na Préfet akamsogezea kalamu nyekundu juu ya meza. Alikataa. Wakamwomba mara ya pili, wakamkumbusha miaka yake na brevet yake. Alikataa, akawasomea kanuni ya saba bila kuangalia karatasi. Mara ya tatu hawakuomba tena, waliamuru. Akasema, "Balikuwa ndani ya parsele. Niliita, bakaitika. Mukitaka nyekundu, mujiandikie na mukono yenu, na muweke sahihi yenu. Yangu sitaweka." Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kalamu. Ni kitu kimoja kutaka uongo, ni kingine kuuandika kwa jina lako.

Hapo Papa Hakorimana alinigeukia. Akasema, "Katibu, dirisha yako inaangalia mulima. Batoto balikuwa pale saa ya apeli ao hapana?"

Niliangalia karatasi zangu. Nikajibu kwamba kazi yangu ni kuchapa.

Mama Béata hakunitazama. Hajawahi kunilaumu tangu siku ile, hata kwa utani, na yeye utani haumpiti. Jumatatu iliyofuata nilichapa barua yake ya blâme, barua ya lawama, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Mikono yangu ilichapa, na nilirudia mara mbili kwa sababu ya makosa. Aliisoma, akaweka sahihi kwamba ameipokea, akanirudishia kalamu, akaenda kugonga kengele.

Daftari lilienda kwa inspekta kama lilivyo, maana hakukuwa na lingine. Inspekta aliona bluu, akapiga mhuri. Thelathini na wanane waliketi kwenye mtihani, thelathini na watatu walifaulu, na Tuyishime alipata asilimia sitini na nne, anakwenda Goma kusoma mambo ya udongo na kilimo. Tangazo la tanuru komite ililifuta jioni ya siku ile ya tisa, watoto wakashuka; karatasi yenyewe niliibandua mwezi Machi, ikatoka na rangi ya mlango. Darasa limejengwa na wazazi kwa mawe na matofali ya kukausha juani. Kazi ilichukua miezi mitano mahali pa miwili, na ndiyo, Papa Hakorimana, tumekusikia, ni polepole. Jikoni kuna majiko ya udongo yanayokula robo ya kuni za zamani. Mlimani tulipanda miche elfu moja mia moja na arobaini ya miti ya gréviléa na misave. Themanini imekufa, na arobaini ililiwa na ng'ombe ambao mwenye nao ameshatajwa zaidi ya mara moja katika kurasa hizi. Alileta miche mingine mwenyewe, akaipanda usoni pa watu wote, lazima niseme hilo pia.

Mwezi uliopita komite ilitaka kumfanyia Mama Béata zawadi. Barua ya blâme ingetolewa kwenye dossier na brevet ingeombwa haraka, kwa sharti dogo, aandike mstari mmoja kwamba Februari alikosea kuhesabu. Mstari mmoja tu, Mama, walimwambia. Aliomba apewe siku moja ya kufikiri, akatumia dakika nne, nilihesabu mimi. Akarudi ofisini akasema, "Iyo barua muiache mu dossier. Niliifanyia kazi kuliko ile brevet." Kisha akanipa ombi lake la sherehe, na hilo ndilo komite haijui mpaka isome hapa. Hataki hotuba. Anaomba barua yake ya blâme isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, kama ilivyo. Wengine husomewa sifa. Yeye atasomewa haya, na ninayaweka hapa neno kwa neno ili mtu asije akaninyang'anya karatasi: "Bibi Mukankusi Béata anapewa lawama kwa sababu aliombwa mara tatu na wakubwa wake kuandika kwamba wanafunzi thelathini na wanane hawakuwepo shuleni, na mara zote tatu akakataa."

Nitaisoma mimi.

Mama Béata, asante kwa miaka thelathini na mitatu, kwa magoti yaliyoumia na vichwa vilivyonyooka, kwa hema kwa hema, kwa kukubali kosa lako mbele ya watoto wakati sisi wengine tulikuwa tunatafuta pa kujificha. Goti lako lipate dawa, maharagwe yako yazae, wajukuu zako wafike kwa wakati na wasiposema "parce que" uwape sukari. Kaa vizuri, ule vizuri, na ukitupitia usikubali kusimama mlangoni kama mgeni.

Na kwa kuwa niliulizwa Februari sikujibu, ninajibu leo. Dirisha langu linatazama mlima. Siku nane nilikuona ukipanda, ukaita, wakaitika. Walikuwepo. Wote thelathini na wanane walikuwepo, na wale wengine mia tatu sabini na wawili pia, na mimi niliwaona kwa macho yangu mawili nikanyamaza. Bulletin hii imeshapigwa kopi mia mbili na ziko mikononi mwa watoto. Komite ikitaka kunipa na mimi barua, isihangaike kutafuta mtu. Wanipe maneno tu, nitaichapa mwenyewe, na safari hii sitakosea hata herufi.

Kanyere Josiane, katibu wa shule